Mpunga wa maji bila kuzamisha jaruba msimu mzima: mwongozo kamili wa kukausha na kumwagilia kwa zamu

Watu wanaonitafuta kuhusu mpunga wa maji, wa Unguja kwa wa Pemba, wengi wana kilio kimoja: "nimejaribu kukausha na kumwagilia kama tulivofundishwa, mpunga umekua manjano, magugu yamejaa, nimeregea kwenye kuzamisha." Nikiuliza maswali mawili matatu nnakuta njia yenyewe haina kosa. Mara jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, halijasawazishwa, mara hakuna paipu ya kupimia maji na mtu anakisia kwa macho, mara jirani wa juu kazamisha na maji yake yanavuja kuingia kwako usiku kucha, mara mtu kakausha mpunga ukiwa unachanua. Basi nimeona niandike yote pahala pamoja, tokea mwanzo mpaka kuvuna, ili asietaka kukisia asikisie.

Njia kwa ufupi ni hivi. Unaingiza maji mpaka kina cha sentimita 5, unafunga, unayaacha yashuke yenyewe mpaka yafike sentimita 15 chini ya uso wa udongo, alafu ndo unafungulia tena. Mizizi ya mpunga bado inayafikia maji kwenye kina hicho, kwa hio mmea haupati kiu japo kwa juu unaona tope tupu.

## Faida yake kwako na kwa mwenzio wa chini

Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, ya kule Ufilipino, inasema njia hii inaokoa maji hadi asilimia 30 bila kupunguza mavuno ikifanywa sawasawa. Maji hayo kwenye skimu zetu za umwagiliaji hayapotei, yanashuka mtaroni kwa mwenye jaruba la mwisho, yule ambae kila kiangazi anakaa na ufa kwenye udongo wakati sisi wa karibu na lango la maji tuna maji mpaka magotini. Mimi hii ndo sababu kubwa kuliko zote, na ndo maana nnaikazania.

Jengine ni hewa. Udongo ukikaa chini ya maji muda mrefu bila hewa, vijidudu vya humo vinatoa gesi ya metheni ambayo inachangia sana joto la dunia. Kwa hesabu zinazotumiwa na jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, jaruba linalokaushwa zaidi ya mara moja kwa msimu linatoa metheni kama nusu tu ya lile linalozama muda wote.

## Vitu vya kutafuta kabla hujaanza

- Paipu ya plastiki ya inchi 4, urefu sentimita 30 kwa kila jaruba. Mwanzi mnene uliotobolewa vifundo ndani unafaa vilevile
- Msumari mkubwa na moto, au drili, kwa ajili ya matundu
- Rula au kijiti ulichokitia alama za sentimita
- Jembe na ubao mrefu wa kusawazishia
- Kamba ya kupandia yenye mafundo kila sentimita 20 au 25
- Mashine ya mkono ya kupalilia, ile ya kusukuma. Nunueni moja kwa kikundi, mtu peke yake si lazima
- Mabuti ya mpira na glavu
- Daftari na kalamu

Daftari watu wanalidharau. Usilidharau, utaona mbele.

## Nani asianze kabisa

Kama bonde lako liko karibu na bahari na maji ya chumvi yanapenya, usikaushe. Udongo ukikauka chumvi inapanda juu na inazidi makali, hapo mpunga unaungua kweli kweli. Wewe baki na maji juu ya udongo na shughulika kwanza na kuzuia bahari.

Kama jaruba lako ni mchanga mtupu, maji yatashuka ndani ya siku moja na utakua unakimbilia lango kila asubuhi, faida utaiona ndogo. Na kama unategemea mvua tu huna lango la kufungua na kufunga, mwongozo huu haukuhusu, hujui maji ya pili yatakuja lini.

Wakati wa masika mvua ikiwa nzito huenda maji yasishuke hata mara moja. Si tatizo, hakuna unachokosa, utaanza mvua ikikatika.

## Hatua ya 1: Kaeni kikao na mnaoshirikiana lango

Hii ndo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndo inayoangusha wengi. Majaruba yamegusana, tuta ni la udongo, kwa hio ukikausha peke yako katikati ya waliozamisha, maji ya jirani yanapenya chini ya tuta na maji ndani ya paipu yako hayatoshuka hata wiki mbili. Wewe utasema njia haifanyi kazi.

Muiteni kila anaepata maji kutoka lango moja, hata yule asiependa vikao, na mzee wa skimu awepo. Kubalianeni mambo matatu. Kwanza mbegu iwe moja na kupandikiza kuwe ndani ya wiki moja, kwasababu mmoja akiwa na SARO 5 na mwengine Supa, mmoja atachanua wakati mwengine bado, na mpunga unaochanua haukaushwi. Pili zamu ya maji iandikwe kwenye karatasi, jina na siku. Tatu, zamu ianzie jaruba la mwisho kupanda juu.

Hili la tatu litaleta kelele. Wa juu watasema mbona sisi ndo tuko karibu. Jibu lake ni kwamba wa juu hata wakiwa wa mwisho maji watayapata tu, wa chini akiwa wa mwisho mara nyingi hapati kitu. Msiruke ajenda hii kwa kuoneana haya, na mwanamke mwenye jaruba awepo mwenyewe kikaoni, asiwakilishwe na shemeji, kwasababu ndie atakaesimama mtaroni.

Mmefanikiwa kama karatasi ya zamu imebandikwa pahala ambapo kila mtu anaiona na hakuna anaesema "mimi sikuambiwa".

## Hatua ya 2: Sawazisha jaruba na funga matuta

Ukishaburuga udongo ukawa tope, ingiza maji kidogo, kama sentimita 3, alafu simama kwenye tuta uangalie. Palipotokeza tope ni kilima, palipo na maji mengi ni shimo. Buruta tope la kilimani kwenda shimoni kwa ule ubao, ingiza maji tena, angalia tena. Maji ndo kipimo chako, huhitaji mashine.

Sababu ni kwamba ukiwa na tofauti ya sentimita 10 ndani ya jaruba moja, paipu itakwambia upande mmoja uko sawa na huku upande wa pili mpunga unakufa kwa kiu. Yale manjano ya mabaka mabaka wanayonilalamikia watu, mengi ni haya.

Matuta yapigwe tope upande wa ndani, yakandamizwe kwa miguu, mashimo ya kaa na panya yazibwe. Baada ya hapo pita kila wiki, kaa hachoki.

Umefanikiwa ukiona maji yamefunika jaruba zima kwa kina kinachokaribiana, na ukifunga lango jioni asubuhi hayajapungua sana.

## Hatua ya 3: Tengeneza paipu na uichomeke

Kata paipu sentimita 30. Nusu ya chini, sentimita 15 na kidogo juu yake, itoboe matundu pande zote, tundu la upana wa kama nusu sentimita, yaachane sentimita 2 hivi. Nusu ya juu iache nzima.

Ichomeke mpaka sentimita 15 ziwe ndani ya udongo na 15 zibaki nje. Taratibu, usipige nyundo kama unagongea nguzo, ukitoboa ile tabaka ngumu ya chini maji yatakimbilia humo. Alafu, na hapa sikiliza vizuri, toa udongo wote uliobaki ndani ya paipu mpaka uone mwisho wake. Nimeona paipu nyingi zimechomekwa zikaachwa na tope ndani, hizo hazisomi chochote.

Iwe wapi? Karibu na tuta ili uifikie bila kukanyaga mpunga, ila isiwe shimoni wala kilimani, iwe sehemu ya kina cha wastani.

Kuijaribu: jaza jaruba, subiri masaa machache, linganisha maji ya ndani na ya nje. Yakiwa sawa umefaulu. Yakitofautiana matundu yameziba, itoe uisafishe uichomeke upya.

## Hatua ya 4: Pandikiza, na usikaushe mapema

Pandikiza kwa kamba, sentimita 20 kwa 20 au 25 kwa 25, miche michanga. Mistari si urembo, bila mistari ile mashine ya kupalilia haipiti na utarudi kwenye kuinama na kung'oa kwa mkono, kazi ambayo kwa kawaida inawaangukia mama zetu.

Baada ya kupandikiza eka maji kidogo juu muda wa wiki 1 mpaka 2 ili miche ishike. Kama jaruba lako linajulikana kwa magugu ongeza iwe wiki 2 mpaka 3. Maji yanazuia mbegu za majani kuota, ukiyatoa mapema mno majani yanautangulia mpunga na huyawezi tena.

Utajua miche imeshika ukiuvuta mche mmoja taratibu ukakataa, na majani mapya yameanza kutoka.

## Hatua ya 5: Anza zamu ya kukausha

Sasa kazi yenyewe. Ingiza maji sentimita 5 juu ya udongo, funga. Kila asubuhi pita na rula yako, chungulia ndani ya paipu, pima, andika kwenye daftari tarehe na kipimo.

Siku za mwanzo maji utayaona juu, alafu yatapotea juu na utaona tope, hapo wengi wanapata khofu wanafungua. Usifungue. Chungulia kwenye paipu, maji yamo. Yakifika mwisho wa paipu, yaani sentimita 15 chini, fungua mpaka sentimita 5 tena.

Itachukua siku ngapi? Inategemea udongo na jua, inaweza kua siku 1 inaweza kupita 10, ndo maana mtu akikwambia "mwagilia kila baada ya siku saba" usimfuate, fuata paipu.

Ufa mdogo kama uzi ni kawaida. Ufa unaoingia kidole umepitiliza, maji yakirudi yatazama kwenye nyufa na utatumia mengi kuliko uliyookoa.

Kama zamu yako kwenye karatasi bado siku 2 na paipu inakaribia kukauka, mwambie msimamizi wa zamu mapema mbadilishane na jirani ambae yake bado ina maji. Usifungue lango usiku. Ukifungua usiku mwenzio wa chini ndo anaekosa, na karatasi mliyoandika inakua haina maana kwa kila mtu.

Unafanya vizuri ukiona majani yamesimama, kijani, mashina yanaongezeka, na ukichimba kidogo mizizi ni myeupe na haina harufu ya yai viza.

### Mpunga ukiwa manjano

Usikimbilie kulaumu ukaushaji. Majani yakijikunja mchana na jioni hayakunjuki, hio ni kiu, paipu yako haisomi au jaruba lina kilima. Majani ya chini yakiwa manjano shamba zima kwa usawa, ni njaa ya mbolea. Yakiwa na michirizi ya manjano na mimea imedumaa, hio inaweza kua kimyanga, ugonjwa wa virusi, unaoenezwa na wadudu jamii ya mbawakawa wenye magamba magumu na pia kwa mikono na zana zilizogusa mmea mgonjwa. Kimyanga hakina dawa. Ng'oa mimea hio uizike, osha zana, usihamishe miche kutoka hapo kumpa mtu, na muite bwana shamba au bibi shamba wa eneo lako aangalie.

## Hatua ya 6: Palizi na mbolea

Ukikausha magugu yatakua mengi kuliko ulivozoea, lazima ulikubali hili tokea mwanzo. Pitisha mashine ya kusukuma maji yakiwa kidogo juu, kama sentimita 2, tope likiwa laini. Mara ya kwanza baada ya kama wiki 2 za kupandikiza, alafu rudia kila siku 10 mpaka mpunga ufunike ardhi.

Yuria usiimwage kwenye maji yaliyosimama, sehemu kubwa inaruka hewani na pesa yako inaondoka nayo. Subiri maji yashuke chini ya udongo, mwaga yuria, fungulia maji siku hio hio, yanaishusha kwenye mizizi. Igawe mara 2 au 3, usimwage yote mara moja. Na usifungue maji ya kutoka siku za karibu na mbolea, yanaishia mtoni na kwenye mikoko, na kuna watu wanavua huko.

## Hatua ya 7: Mpunga ukibeba mimba, acha kukausha

Wiki 1 kabla ya kuchanua mpaka wiki 1 baada ya kuchanua eka maji sentimita 5 muda wote. Hapa ndo punje inatungwa, kiu ya siku mbili tatu tu inakupa mashuke yaliyojaa makapi.

Kuijua wiki hio bonyeza shina la juu kwa vidole, likiwa limevimba suke liko ndani, anza kueka maji. Kwenye karatasi ya zamu wiki hizi mbili waandikwe wote, na hapa faida ya mbegu moja inaonekana. Kama maji hayatoshi kwa wote, wenye mpunga unaochanua wanatangulia, hata kama ni wa mwisho wa mtaro.

Ukishapita muda huo regea kwenye paipu.

## Hatua ya 8: Watu wanaokufanyia kazi

Wengine wataona hii si sehemu ya mwongozo wa maji. Mimi naona mpunga haujalimwa vizuri kama aliepandikiza kaondoka na homa na ujira wa "utakuja wiki ijayo". Hata kanuni za kimataifa za mpunga endelevu, zile za Sustainable Rice Platform zenye masharti 41 kwenye vipengele 8, zimeeka afya na haki za wafanyakazi sawa na maji na mbolea.

Kichocho. Unguja na Pemba tunacho kichocho cha kibofu, kinaingia kwa kupita ngozini ukiwa ndani ya maji yenye konokono wa ugonjwa huo. Toa mabuti kwa wanaoingia majini, chimba choo karibu na bonde ili mtu asikojoe mtaroni kwasababu mayai yanatoka na mkojo. Alieona damu kwenye mkojo aende kituo cha afya, matibabu yapo.

Dawa za kuua wadudu na majani. Nyunyiza ukiwa umeona mdudu na umehesabu hasara, usinyunyize kwa tarehe. Glavu, mabuti, nguo ndefu, kitambaa puani, usinyunyize upepo ukivuma. Hakuna kuingia jarubani siku 2 baadae, au zaidi kama kibandiko kimesema. Mjamzito na mtoto wasishike dawa kabisa. Chupa tupu itobolewe, isifanywe ya maji wala ya mafuta ya taa.

Watoto. Kuwinga ndege mtoto anaweza kusaidia familia jioni, ila asikose skuli kwa ajili hio. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya 2011 mtoto ni alie chini ya miaka 18, na kazi ya kumdhuru au kumkosesha masomo hairuhusiwi. Gawaneni zamu za kuwinga kama mlivogawana maji.

Ujira. Mkubaliane bei kabla mtu hajavua viatu, iandikwe, alipwe jioni ile ile, na mwanamke na mwanamme kwa kazi moja wapate sawa. Anaepalilia kwa mkono pahala mashine haikupita aongezwe.

## Hatua ya 9: Kuvuna na baada yake

Toa maji siku 10 mpaka 14 kabla ya kuvuna. Vuna punje 80 mpaka 85 katika 100 zikiwa na rangi ya majani makavu, ukingoja zote zikauke unapata chenga nyingi mashineni. Anika juu ya turubai, usianike kwenye lami wala mchanga, geuza mara kwa mara mpaka unyevu ufike asilimia 14, ambapo punje ukiitafuna inakatika kwa mlio.

Mabua usichome. Yalaze jarubani yaoze kabla ya msimu, ukiyafukia na kuzamisha maji hapo hapo metheni inarudi nyingi, kwa hio yafukie mapema udongo ukiwa mkavu. Ng'ombe wa jirani wanayahitaji pia, na samadi yao unaihitaji.

Sasa fungua daftari. Hesabu mara ulizofungua lango, magunia, mbolea, ujira. Linganisha na jirani ambae hakukausha. Hii ndo hoja utakayoipeleka kwa mzee wa skimu na kwa watu wa wizara wakija, na ndo kitu cha kwanza atakachokuuliza mnunuzi yeyote anaetaka mchele uliolimwa kwa utaratibu huu.

Paipu zing'oe kabla trekta haijaingia, zioshe matundu, zieke kivulini. Alafu itisheni kikao, mwenye jaruba la mwisho azungumze kwanza, aseme maji yalimfika siku ngapi, na karatasi ya zamu ya msimu ujao ianze kuandikwa kutokea kwake.